Mgeni wa Siku Mbili



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Wasomaji wangu wapendwa, na hasa nyinyi mama zetu na dada zetu mnaoshika matumizi ya nyumba, juma hili sitaandika juu ya tohara wala funga. Nataka kuwasimulia kosa nililolifanya mimi mwenyewe, likamgharimu dada yangu. Kosa hilo lilikuwa ndani ya karatasi mbili ambazo sikuzisoma.

Dada yangu ni mkubwa wangu kwa miaka saba. Ni mjane, anaishi Langoni hapa Amu, na riziki yake huipata kwa kushona kofia. Mwanawe wa pekee yuko Birmingham, Uingereza, ambako anafanya kazi na kulea watoto wawili ambao bibi yao hajapata kuwashika mkononi. Mwaka juzi, baada ya Maulidi, kijana wa kampuni moja ya intaneti alipita mtaani kwetu akinadi waifai ya nyumbani. Mimi ndiye niliyemshauri dada akubali. Bando za simu zilikuwa zikimla pesa nyingi, na sura za wajukuu zilikuwa zikiganda kwenye kioo cha simu hata kabla hawajamaliza salamu.

Bei tuliyotajiwa ilikuwa shilingi 1,500 kwa mwezi, na kuunganishiwa ilikuwa bure. Kijana alinikabidhi mkataba wa karatasi mbili, maandishi yake madogo kama ufuta. Dada akaniambia, "Wewe ndiye msomi, tia sahihi." Nikatia. Linalonitia haya ni kwamba asubuhi ile ile nilikuwa nimetoka kusomesha mlango wa biashara katika Minhaj ya Imamu Nawawi, nikiwaeleza vijana kwa nini ni lazima bei ijulikane kabla ya watu kupeana mikono. Nilifunga kitabu, nikaenda kuikubali bei ambayo niliijua mwanzo wake tu.

Mwezi wa saba, bili ilikuja shilingi 2,900. Dada hakuniambia, wala hakumwambia mtu yeyote. Alidhani kwamba yeye ndiye aliyekosa, kwamba amezungumza mno na mwanawe na sasa anadaiwa maneno yake. Basi akaanza kujikataza. Zamani alikuwa akizungumza na mwanawe kila usiku baada ya sala ya Isha. Akapunguza ikawa mara mbili kwa juma, kisha ikawa Ijumaa peke yake. Mchana alikuwa akikizima kile kisanduku chenye taa za kijani, kama mtu azimaye taa za nyumba ili bili ya stima ishuke. Bili haikushuka hata shilingi moja. Haikuwa bili ya matumizi. Ilikuwa ni ada ya mwezi, utumie usitumie. Yeye hakulijua hilo, na kila bili ilipokuja na 2,900 zake, alizidi kujilaumu.

Aliyenizindua ni mpwa wangu. Alinipigia simu usiku mmoja, sauti yake nzito, akaniuliza, "Mjomba, mama ana nini na mimi? Nimemkosea wapi?" Sikuwa na jibu. Kesho yake nilikwenda kwa dada, na baada ya kahawa na mizunguko mingi ya maneno, akanitolea jumbe za malipo kwenye simu yake. Tulizihesabu pamoja. Miezi kumi na moja alikuwa amelipa 2,900 badala ya 1,500. Tofauti ni shilingi 1,400 kwa mwezi, na jumla yake ni shilingi 15,400. Kofia yake moja huiuza shilingi 3,500, nayo humchukua zaidi ya mwezi mmoja, macho yakiwa kwenye sindano mpaka magharibi. Kofia nne nzima na zaidi zilikuwa zimekwenda, na hakuna aliyempigia simu kumwambia kwa nini.

Juma lile lile tukajua jambo la pili. Nyumba ya jirani kulikuwa na bibi harusi mgeni, ambaye mumewe alikuwa amemuunganishia waifai mwezi uliotangulia. Kampuni ni ile ile, kisanduku ni kile kile, kasi ni ile ile. Yeye alikuwa akilipa shilingi 1,500. Dada yangu aliposikia aliuliza swali moja tu: "Kwani mimi niliyekaa nao siku nyingi nina kosa gani?"

Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hivyo ndivyo zilivyo bei hizi za mwanzo. Siku mbili mteja hukirimiwa, akafurahi, akawasifu wenyeji wake kwa majirani. Siku ya tatu hupewa jembe. Lakini mgeni wa wazee wetu alikuwa akionyeshwa jembe mchana, akajua kuwa karamu imekwisha, akachagua kulima au kusafiri. Dada yangu alitiwa jembe mkononi usiku, amelala.

Nilikwenda kwenye afisi yao. Kijana niliyemkuta hapo niliwahi kumsomesha madrasa, na alinipokea kwa adabu zote. Alinifungulia mkataba, akanionyesha ukurasa wa pili. Ilikuwa imeandikwa: bei ya 1,500 ni ya miezi sita, baada ya hapo ni bei ya kawaida. Nilimuuliza, "Mbona hamkumwambia mama siku ile muda ulipokwisha?" Akasema, "Maalim, bei hujibadilisha yenyewe kwenye kompyuta. Na mama alikuwa akilipa kila mwezi bila kulalamika. Tukajua ameridhika."

Neno hilo, ameridhika, nilirudi nalo nyumbani, na nimekaa nalo siku nyingi. Nataka tulitazame kwa mizani ya dini yetu, na tuwe waadilifu kwa pande zote, kwa sababu Mwenyezi Mungu ametukataza tusiache ghadhabu zetu juu ya watu zitutoe kwenye uadilifu.

Kwanza, kampuni haipati dhambi kwa sababu tu imepandisha bei. Anas (R.A.) amepokea kwamba bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume (S.A.W.) awawekee bei maalumu, naye hakukubali, alieleza kuwa bei zimo mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na kwamba anatamani kukutana na Mola wake bila ya mtu yeyote kumdai dhuluma. Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mtu kununua ghali peke yake hakumpi haki ya kuvunja mkataba. Tukumbuke pia kwamba huduma hii ina gharama zake. Kabla ya mwaka 2009, intaneti ya Kenya ilikuwa ikipitia kwenye setilaiti, nayo ilikuwa ghali na nzito. Mwaka huo ndipo mikongo ya baharini ya TEAMS na SEACOM ilipofika Mombasa. Kutoka hapo hadi kisiwani petu kuna minara, mitambo na mafundi. Kampuni inapokuunganisha bure na kukupa bei ya chini, huwa inakubali hasara ya miezi ya mwanzo ikitumai kuirudisha baadaye. Hiyo ni biashara, na biashara ni halali.

Wako mtaani waliotuambia kuwa nyongeza ile ni kodi ya serikali. Ni kweli kwamba ndani ya malipo yetu ya intaneti kuna kodi, lakini ushuru wa bidhaa kwenye huduma za simu na intaneti ulipunguzwa mwaka 2023 kutoka asilimia 20 hadi asilimia 15. Na lau ingekuwa ni kodi, bibi harusi wa jirani naye angeilipa.

Pili, tutazame ridhaa. Malipo ya intaneti kwa mwezi yanafanana na ijara, yaani kukodi manufaa ya kitu kwa muda, na ijara inataka mambo mawili yajulikane: muda na ujira. Aya ya 29 ya Sura An-Nisaa imeijengea biashara nguzo yake juu ya kuridhiana. Sasa, je, mtu aliyenyamaza ameridhika? Mafakihi wana kanuni mashuhuri, nayo hunasibishwa na Imamu Shafi mwenyewe, kwamba mwenye kunyamaza hawekewi kauli kinywani. Kisha wakaongeza kwamba kimya mahali panapotakiwa jawabu huwa ni jawabu. Mfano wake nyinyi dada zetu mnaujua kuliko mimi. Binti bikira anapotakwa idhini yake ya ndoa, kimya chake huhesabiwa ni kukubali, kwa kumhurumia haya zake. Lakini kimya hicho kimekuwa idhini kwa sababu ameulizwa kwanza. Asiyeulizwa, kimya chake si idhini ya kitu chochote. Dada yangu hakuulizwa. Alinyamaza kwa aibu na kwa kutojua, na kimya hicho kikaandikwa kuwa ni ridhaa.

Tatu, kuna katazo ambalo watu wa bandari kama sisi tunaweza kulifahamu upesi. Mtume (S.A.W.) alikataza watu kwenda kuipokea misafara njiani kabla haijaingia sokoni, wakanunua kwa wageni wasiojua bei ya mjini. Ni kama mfanyabiashara anayetoka na mashua kulilaki jahazi nje ya bandari, ili amwahi mwenye mali kabla hajasikia bei ya Amu. Na aliyenunuliwa hivyo, akifika sokoni na kujua bei, amepewa hiari ya kurudi nyuma. Hekima yake ni kwamba mtu asiliwe kwa sababu ya kutojua kwake. Sisemi kwamba mambo haya mawili yana hukumu moja, wala sitoi fatwa kuwa mkataba wa dada ni batili. Bei ilikuwa imeandikwa na sahihi ni yangu. Ninachosema ni kwamba faida inayotegemea mteja asijue tarehe imekaa karibu mno na mpaka huo, na Mwislamu mwenye kuuza aogope kuusogelea. Kumpelekea mteja ujumbe mmoja wa simu siku chache kabla ya bei kubadilika ni jambo jepesi. Mwenye kuuacha ujumbe huo ajiulize kwa nini ameuacha.

Nimeisema kampuni. Sasa kidole kinarudi kwangu.

Mimi nilikuwa wakala wa dada yangu. Katika fikihi, wakala ni mtu wa amana. Halipi hasara ya aliyemtuma isipokuwa amezembea. Niliposomesha mlango huo nilikuwa nikiwauliza vijana: uzembe ni nini? Sasa nikajiuliza mwenyewe. Mtu ametumwa kutia sahihi kwa sababu anajua kusoma, kisha akatia bila kusoma. Sikuhitaji kufungua kitabu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Sura Al-Baqara, inahusu kuandika madeni, na ndani yake imo amri kwamba asiyeweza kujisimamia, msimamizi wake amsimamie kwa uadilifu. Nimeisoma aya ile tangu utotoni. Siku ile mbele ya kijana mwenye karatasi, haikunijia.

Mpwa wangu nilipomweleza yote, alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kuwa hata huko Uingereza jambo hili limewaliza watu. Mwezi wa Septemba 2018, shirika la Citizens Advice lilipeleka malalamiko rasmi kwa mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo, likikadiria kuwa wateja wanaobaki na kampuni zao za simu, intaneti, bima, mikopo ya nyumba na akiba wanapoteza kiasi cha pauni bilioni 4.1 kwa mwaka. Wakaiita hali hiyo adhabu ya uaminifu. Tangu Februari 2020, kampuni za intaneti huko zinalazimika kumwarifu mteja baina ya siku 10 na siku 40 kabla ya muda wa mkataba wake kwisha, na kumtajia bei bora alizo nazo, pamoja na zile wanazopewa wateja wapya. Na kuanzia Januari 2025, mkataba mpya hauwezi tena kusema kwamba bei itapanda katikati kwa kadiri ya mfumuko wa bei. Nyongeza yoyote sharti itajwe kwa pauni na senti tangu mwanzo.

Nasi hapa Kenya hatukuachwa bila kinga. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na huduma anayoilipia, na haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Iko pia Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012. Malalamiko ya simu na intaneti hupelekwa kwanza kwa kampuni yenyewe, na isipotoa jibu la kuridhisha, hupelekwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Lakini haki isiyodaiwa hulala, na sisi watu wa pwani tuna tabia ya kuona haya kudai.

Basi nawausia haya, mama zangu na dada zangu. Kabla ya kutia sahihi, ulizeni maswali matatu, na majibu yake yaandikwe: bei hii ni mpaka tarehe gani, baada ya tarehe hiyo ni shilingi ngapi, na nikitaka kutoka nitatoka vipi na kwa gharama gani. Kisha andikeni tarehe hiyo mahali mtakapoiona, kwa kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Juma mbili kabla ya tarehe kufika, wapigieni simu, waulizeni mteja mpya analipa ngapi leo, mkaombe nanyi mpewe hiyo au iliyo karibu nayo. Hakuna mama wa Amu anayechukua fungu la samaki kwa bei ya kwanza aliyotajiwa. Kwa nini tupatane bei ya samaki wa siku moja, tukaone haya kupatana bei ya kitu tunacholipia mwaka mzima? Tunapenda kusema, bura yangu sibadili na rehani. Maneno hayo ni mazuri kwa ndugu na kwa rafiki. Kwa kampuni ya intaneti si lazima.

Na bili ikipanda, msijihukumu kabla ya kuuliza. Hili ndilo lililoniuma kuliko zile shilingi. Pesa huja na kwenda, lakini zile nyusiku ambazo mama alijinyima sauti ya mwanawe, akidhani anabana matumizi, hazitarudi.

Nina neno moja zaidi, na huenda lisiwapendeze baadhi yenu. Wako wanaokatisha huduma muda wa bei ya chini unapokwisha, kisha wakajiandikisha upya kwa jina la mtoto au la mtumishi ili wakirimiwe tena kama wageni. Kama kampuni inajua na imeruhusu, hakuna ubaya. Lakini ikiwa sharti ni kwamba bei hiyo ni ya nyumba mpya, nasi tukaficha kuwa nyumba ni ile ile, basi hiyo ni ghushi. Mtume (S.A.W.) alipotia mkono wake katika rundo la chakula sokoni, akakuta maji chini yake, alimkemea mwenye mali kwa kuuficha unyevu ule. Hatuwezi kuwalaumu wengine kwa kilichofichwa chini ya rundo lao, na letu nalo likawa limelowa.

Mambo yaliishia hivi. Nilirudi afisini mara mbili, na mara ya pili nilikwenda na barua. Kampuni haikurudisha zile shilingi 15,400, lakini ilimwandikia dada bei ya shilingi 2,000 kwa miezi 12, na tarehe ya mwisho nikaitaka iandikwe kwa tarakimu kubwa. Karatasi hiyo imebandikwa ukutani kwake, kando ya kalenda ya nyakati za sala. Zile 15,400 nimeanza kumlipa mimi, kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Nilidhani atakataa kwa udugu. Akazipokea, akasema, "Nitazichukua, kwa sababu ukilipa ndipo utasoma karatasi nyingine."

Kweli, nimesoma. Wiki iliyopita jirani mmoja aliniletea mkataba wa mkopo wa friji nimtilie sahihi ya ushahidi. Nilimwomba aketi, nikavaa miwani, tukausoma neno kwa neno, na alipofika kwenye ukurasa wa mwisho akaamua kwenda kufikiri kwanza.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wakweli tunapouza na macho tunaponunua, atubarikie riziki zetu za halali, na awakutanishe kwa kheri kila mama na mwanawe aliye mbali. Amin.

Wabillahi tawfiq.